Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: Mgonjwa wa utumbo wa Nairobi asisomwe kwa jeni za Ulaya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mkurugenzi Mkuu wa Afya, Afisa Mkuu Mtendaji wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na wasimamizi wa afya wa Kaunti ya Jiji la Nairobi.

Waheshimiwa,

Karatasi ya majibu ya hesabu ya damu hutoka na safu mbili: idadi aliyo nayo mgonjwa, na kando yake kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida. Mgonjwa wa utumbo anayemeza azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, akipatikana na neutrofili (seli nyeupe za kupambana na bakteria) 1.3, yaani elfu 1.3 kwa mikrolita, mashine humchapia herufi L, maana yake zimepungua. Daktari akiiona L hiyo hufikiria jambo moja tu, kwamba dawa inaua uboho wa mifupa. Anaisimamisha. Wiki chache baadaye mgonjwa yuko benchi tena, choo kina damu, anaanzishiwa prednisoloni (steroidi) upya, na faili lake limeandikwa kwamba azathioprini haimfai. Mara nyingi dawa haikuwa na kosa lolote. Neutrofili zake ziko hivyo tangu azaliwe, na zinamtosha.

Sababu ya jambo hilo ni jeni, na barua hii ni ya jeni. Vipimo vya mate vinauzwa mtandaoni, mtu anatuma kichupa ng'ambo na kurudishiwa karatasi ya rangi inayomwambia hatari yake ya ugonjwa wa utumbo uitwao Crohn. Muda si mrefu mtaombwa kulipia vipimo kama hivyo kwa pesa za umma. Ombi letu ni kwamba msilipie vipimo vya kutabiri hatari vilivyotengenezwa kwa damu ya Ulaya. Lipieni vile vichache ambavyo jibu lake linabadilisha dawa au dozi ya mgonjwa aliyelala wodini hapa Nairobi.

Kwanza jina la ugonjwa, maana hapo ndipo wengi hupotelea. Mchochota wa utumbo una magonjwa mawili makubwa ndani yake. Ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na Burrill Crohn na wenzake wawili huko New York mwaka 1932, unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba, hushika kipande na kuruka kingine, na hula ukuta wa utumbo unene wake wote hadi kutoboa vijia pasipo na njia. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana tu: huanzia chini kabisa, kwenye rektamu, hupanda bila kuruka, na huchubua utando wa ndani pekee. Na hapa Kiswahili chetu wenyewe kinatuponza. Ukimwambia mtu ana kolaitisi ya vidonda anasikia "vidonda vya tumbo", anapitia duka la dawa kununua omeprazoli. Akisema anaendesha damu, jirani anamwambia ni amiba, mwingine bawasiri, wa tatu homa ya matumbo. Anafika kwa mtaalamu akiwa kwenye raundi ya nne ya Flagyl.

Jeni ya kwanza kuhusishwa waziwazi na ugonjwa wa Crohn ni NOD2, iliyoko kwenye kromosomu ya 16. Makundi mawili ya watafiti yaliitangaza kwa pamoja mwaka 2001. Protini yake hukaa ndani ya seli ikinusa vipande vya ukuta wa bakteria. Ikivinusa huamsha ulinzi, seli za utumbo humwaga kemikali za kuua bakteria, na mambo huishia hapo. Matoleo mabovu yanayotajwa kila mahali ni matatu: R702W, G908R na L1007fs. Hilo la mwisho ni herufi moja tu ya DNA iliyochomekwa pasipo pake. Kuanzia hapo maneno yote husomeka ovyo na protini hukatika kabla ya kufika mwisho. Pua ikishakatwa hivyo, bakteria husogea karibu na ukuta kuliko inavyotakiwa, na mwili ukija kuzinduka hujibu kwa fujo.

Mtu mwenye asili ya Ulaya aliyerithi nakala moja ya toleo bovu ana hatari mara 2 hadi 4 ya mwenzake. Aliyerithi nakala mbili, makadirio ya mwanzo yalisema mara 20 hadi 40. Inatisha mpaka ukumbuke kwamba ugonjwa wenyewe ni wa watu wachache: hata kati ya wenye nakala mbili, zaidi ya 9 kwa 10 hawaugui maisha yao yote.

Sasa mlete mgonjwa wa Githurai au Umoja. Matoleo hayo matatu karibu hayapo kabisa kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Wamarekani weusi walio nayo wengi waliyapata kupitia mababu wa Kizungu. Basi kipimo kitajibu "hakuna" kwa karibu kila mtu, mwenye Crohn na asiye nayo. Karatasi itaandika hatari ndogo, mwenyewe atashusha pumzi, na utumbo utaendelea kuziba taratibu. Kipimo kinachojibu "hakuna" kwa kila anayelipa ni risiti tu.

Baada ya NOD2 zilifuata nyingine nyingi. IL23R ilitangazwa mwaka 2006, na ndani yake mna toleo adimu linalomkinga mtu badala ya kumdhuru. Njia ya kemikali ambamo IL23R hufanya kazi ndiyo inayozibwa leo na dawa kama ustekinumabu na risankizumabu. Mwaka 2007 ikaja ATG16L1, inayohusika na jinsi seli inavyomeza na kusaga takataka zake zenyewe, bakteria wakiwemo. Kufikia 2012 sehemu za DNA zilizohusishwa na mchochota wa utumbo zilikuwa 163, na mwaka 2017 zikapita 200. Faida ya kazi hiyo ni kubwa, ila ni faida ya kuonyesha ugonjwa unapita wapi ili dawa itengenezwe. Haimwambii Wanjiku ataugua lini. Zile sehemu 163 zote kwa pamoja zilieleza asilimia 13.6 tu ya tofauti ya nani anaugua Crohn na nani haugui, na asilimia 7.5 kwa kolaitisi ya vidonda. Hata pacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zile zile, mmoja akiugua Crohn mwenzake huugua kwenye theluthi hadi nusu ya jozi. Kwa kolaitisi ya vidonda ni kama jozi 15 kwa 100. Kilichobaki ni maisha: sigara (ambayo huchochea Crohn), antibayotiki za utotoni, chakula, na bakteria tunaoishi nao. Jeni za mji hazibadiliki ndani ya miaka 30. Mji wenyewe hubadilika.

Wauzaji wa vipimo watawaambia kwamba siku hizi hawapimi jeni moja, wanajumlisha mamia ya herufi na kutoa alama moja ya hatari. Waulizeni alama hiyo ilisawazishwa kwa watu gani. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 78 ya watu walioingizwa kwenye tafiti za aina hii duniani ni wa asili ya Ulaya. Wa asili ya Afrika ni asilimia 2. Na tatizo si uchache tu. Kipimo cha alama mara nyingi hakisomi herufi yenye kosa lenyewe. Husoma herufi jirani inayorithiwa pamoja nayo, kama mtu anayetambua nyumba kwa duka lililo mbele yake. Watu wa Afrika ni wa kale zaidi, na vizazi vingi vimevikatakata vipande vya DNA vikawa vifupi. Duka limehama, nyumba imebaki. Ukifuata duka utabisha mlango usio wenyewe.

Ufupi huo huo wa vipande ndio unaoifanya DNA ya Mwafrika kuwa dhahabu kwa mtafiti, kwa kuwa kosa likipatikana linakuwa limezungukwa na majirani wachache, na kumtambua mkosaji ni rahisi. Kazi ya H3Africa, mradi wa kusoma jeni za Waafrika, iliyochapishwa mwaka 2020 ilisoma DNA za watu 426 tu, kutoka makundi 50 ya lugha, ikaibuka na matoleo zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Utafiti wa mwaka 2017 kwa Wamarekani weusi wenye mchochota wa utumbo ulipata sehemu za DNA ambazo tafiti za Wazungu hazikuwa zimezigusa. Hata hivyo asili kubwa ya Wamarekani weusi ni Afrika Magharibi. Mjaluo, Msomali, Mkamba na Mmijikenda wanaokutana kwenye foleni moja Nairobi hawajaingia humo.

Tuje kwenye vipimo vya jeni tunavyovitaka.

Cha kwanza ni TPMT. Azathioprini ikishamezwa mwili huigeuza kuwa merkaptopurini, na kimeng'enya cha TPMT husaidia kuitoa. Kimeng'enya kikiwa dhaifu, mabaki yenye sumu hujazana kwenye uboho, seli nyeupe huporomoka, na mgonjwa anaweza kufa kwa maambukizi ambayo mwingine angeyashinda nyumbani. Utafiti wa mwaka 1999 uliolinganisha Wakenya na Wazungu ulionyesha kwamba takriban mtu 1 kwa 10 katika kila upande amebeba nakala moja dhaifu, ila udhaifu wenyewe si ule ule. Wazungu wengi wenye udhaifu huo wana toleo liitwalo *3A. Wakenya waliokutwa nao walikuwa na *3C. Kwa hiyo mkataba wa kununua kipimo useme wazi kwamba lazima kisome *3C, na *8 pia, kwa kuwa hilo huonekana zaidi kwa watu wa asili ya Afrika na paketi nyingi huliacha nje.

Mfano wa dozi, ili mwone tunachozungumzia. Mtu wa kilo 60 mwenye TPMT nzima hupewa mg 2 hadi 2.5 kwa kila kilo kwa siku, yaani mg 120 hadi 150, vidonge viwili na nusu au vitatu vya mg 50. Mwenye nakala moja dhaifu huanza na asilimia 30 hadi 80 ya dozi hiyo: kidonge kimoja, pengine viwili, kisha kupandishwa pole pole kwa kuangalia damu. Mwenye nakala mbili dhaifu, ambao kwa mzunguko huo ni kama watu 3 kwa 1,000, asipewe kabisa kwa ugonjwa usio saratani. Atafutiwe dawa nyingine. Kinachotakiwa ni damu mililita 2 hadi 4 kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, mara moja maishani. Kuna maabara zinazopima nguvu ya kimeng'enya badala ya jeni, na njia hiyo ina mtego: kimeng'enya hupimwa ndani ya seli nyekundu, na wagonjwa wetu wengi wameongezwa damu kwa sababu wamevuja sana. Ukipima ndani ya miezi mitatu baada ya kuongezwa, umempima mtoaji damu.

Jibu zuri la TPMT halifuti hesabu ya damu. Wengi wa wanaoporomoka seli nyeupe TPMT yao ni nzima. Damu ihesabiwe kila wiki kwa wiki 4 za kwanza, kisha kwa nafasi zinazopanuka, isipite miezi 3 kamwe. Na kabla ya yote muulizeni mgonjwa anameza nini kingine. Alopurinoli ya jongo huzuia njia nyingine ya kuitoa dawa hii, na dozi lazima ishuke hadi kama robo. Septrin, ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI wameimeza kwa miaka, huongeza hatari kwenye uboho. Swali hilo halihitaji mashine, na bado ndilo linalosahaulika.

Cha pili ni Duffy, ile L tuliyoanza nayo. Duffy ni aina ya kundi la damu, kama ABO. Kwa wengi wetu wa asili ya Afrika, herufi moja kwenye mlango wa jeni ya ACKR1 imebadilika, na alama ya Duffy haionekani tena kwenye seli nyekundu. Mabadiliko haya yalienea kwa sababu malaria ya vivax huingia kwenye seli kupitia alama hiyo. Ikikosekana, vivax kwa kawaida hukosa pa kushika. Pamoja na kinga hiyo huja neutrofili chache kwenye damu inayozunguka. Chache kwenye damu, si chache mwilini: mtu hupambana na bakteria kama kawaida. Mashine nyingi huhesabu 1.5 au zaidi kuwa mwanzo wa kawaida. Watafiti waliopima watu wazima wenye Duffy hasi walipata mwanzo wao ukiwa karibu 1.2. Mwaka 2022 utafiti wa Marekani ulithibitisha tunachokilalamikia hapa: wenye jeni hii husimamishiwa azathioprini zaidi kwa kisingizio cha damu.

Na kipimo chake hakihitaji maabara ya jeni. Benki ya damu yenye dawa mbili za kutambulisha, anti-Fya na anti-Fyb, inaweza kukifanya kwa njia ile ile ya Coombs inayotumika kulinganisha damu: seli zichanganywe na dawa, zitulizwe kwenye joto la nyuzi 37, zioshwe, ziongezwe dawa ya Coombs, zitazamwe kama zimeshikana. Zisiposhikana kwa zote mbili, mtu ni Fy(a−b−), yaani Duffy hasi. Mtego ni ule ule wa TPMT: aliyeongezwa damu karibuni atakuwa na seli za watu wawili, na jibu litakuwa la vurugu. Tunaomba karatasi ya hesabu ya damu ichapwe na mstari wa pili, kiwango cha wenye Duffy hasi, na ombi la azathioprini lisipite bila hesabu mbili za damu zilizochukuliwa kabla ya kidonge cha kwanza. Hapo kila mtu anajilinganisha na nafsi yake. Ikishuka chini ya 1.0, au ikiporomoka ghafla kutoka kwenye kiwango chake, au akiwa na homa, dawa isimame bila mjadala, Duffy au si Duffy.

Cha tatu ni watoto. Mtoto aliyeanza kuendesha damu na kamasi kabla ya miaka 6, na hasa kabla ya miaka 2, anaweza kuwa na ugonjwa tofauti kabisa na wa watu wazima: jeni moja iliyovunjika, yenye nguvu ya kuleta ugonjwa peke yake. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba watoto wenye hitilafu kwenye vipokezi vya IL-10 (jeni IL10RA na IL10RB) hupata kolaitisi kali na matundu karibu na njia ya haja kubwa ndani ya miezi ya mwanzo. Utumbo wao hauna breki: ukishachochewa hautulii. Prednisoloni na infliksimabu (dawa ya kuzima mchochota) huwapa nafuu kidogo au haziwapi. Kupandikizwa uboho huwaponya. Jeni nyingine ya aina hii, XIAP, iko kwenye kromosomu ya X, hivyo huwashika zaidi wavulana na hupitia kwa mama. Muulizeni mama kama ndugu zake wa kiume walifariki wachanga.

Kuna dalili moja ya hapa nyumbani ambayo vitabu vya nje huipita haraka. Watoto wetu huchanjwa BCG wanapozaliwa, mkono wa kushoto. Mtoto mwenye kolaitisi ambaye tezi za kwapa la kushoto zimevimba zikatunga usaha, au kovu la chanjo halifungi, anaweza kuwa na ugonjwa wa granuloma sugu, ambao seli zake nyeupe humeza bakteria bila kuweza kuwaua. Kipimo cha awali huitwa DHR, hutaka damu mbichi iliyofika maabara ndani ya saa 24, kwenye chupa ya heparini. Ikilala wikendi kwenye friji, seli zimekufa na jibu litatoka ovyo. Kusoma jeni zote za mtoto pamoja na za baba na mama ni ghali, lakini watoto hawa ni wachache sana kwa mwaka, na jibu huamua kati ya kuongeza dawa na kutafuta mtoaji uboho. Hiki ndicho kipimo ghali cha jeni tunachokitetea bila aibu, na mahali pake SHA ni kwenye mfuko wa dharura na magonjwa sugu na mahututi.

Haya yote yatakuwa kazi bure kama ugonjwa wenyewe haujathibitishwa. Jeni haitenganishi Crohn na kifua kikuu cha utumbo, na Kenya kosa hilo huua: mgonjwa wa TB akipewa prednisoloni na infliksimabu, TB hutambaa mwili mzima. Choo kwanza kiangaliwe amiba na mayai ya kichocho, hasa kwa aliyetoka Mwea au mwambao wa Ziwa Victoria. Kisha ipimwe kalprotektini ya choo, protini inayopanda utumbo ukiwa na mchochota. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu, mchochota hauelekei kuwepo, na mtu huyo huenda hahitaji kolonoskopi (kamera ya kutazama ndani ya utumbo mpana) kabisa. Juu ya 250 kuna moto. Katikati, rudia, na uulize kuhusu diklofenaki na dawa nyingine za maumivu, kwa kuwa nazo huipandisha, kama kunavyofanya kuhara kwa maambukizi.

Kwenye kolonoskopi, tunaomba maagizo yenu yaweke idadi. Vipande viwili vya nyama ya kupimwa kutoka mwisho wa utumbo mwembamba, na viwili viwili kutoka sehemu tano za utumbo mpana, jumla 12, kila sehemu kwenye chupa yake yenye jina. Mtindo wa kutumbukiza vyote kwenye chupa moja kwa sababu chupa ni chache humnyima patholojisti jambo analolihitaji zaidi: kujua kama ugonjwa umeruka au umefuatana. Na kipande kimoja au viwili viwekwe kwenye maji ya chumvi, si kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi vipande), kwa ajili ya GeneXpert, mashine ya kutambua TB, na kuotesha TB. Formalini huua kila kitu. Ukishaweka humo huwezi kuotesha chochote. GeneXpert ikisema ipo, ipo. Ikisema haipo kwenye utumbo, msiiamini peke yake.

Mwisho, daftari. Ili siku moja tujue ni jeni zipi zinazochochea ugonjwa huu kwa Wakenya, lazima tuanze kuwahesabu wagonjwa kwa namna moja. Ukurasa mmoja unatosha: umri alipoanza kuugua, sehemu iliyoshikwa na tabia ya ugonjwa kwa mpangilio wa Montreal (utaratibu wa kimataifa wa kuainisha ugonjwa huu), sigara, mahali alipozaliwa na mwaka aliohamia mjini, ndugu wa damu wenye ugonjwa. Badala ya kabila, swali ambalo kwetu huja na mizigo yake, aulizwe lugha za nyanya na babu zake wanne. Mtafiti wa jeni hufaidika zaidi na jibu hilo, na mgonjwa halisikii kama swali la siasa. Kwa anayekubali, mililita 4 za damu zihifadhiwe kwenye nyuzi hasi 80 mahali penye jenereta inayowaka yenyewe. Stima ikipotea usiku wa Jumamosi bila mtu kujua, miaka ya kazi huyeyuka.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa data nyeti. Fomu ya ridhaa iseme kwa Kiswahili cha kawaida nani ataona jibu, kwamba kampuni ya bima na mwajiri hawataliona, na kwamba damu ikitoka nje ya nchi mgonjwa ataulizwa upya. Ridhaa ya kurasa tisa anayotia sahihi mtu mwenye maumivu hatuihesabu kuwa ridhaa.

Kwa Wizara, basi, tunaomba maagizo ya vipande vya kolonoskopi, ya hesabu ya damu, na ya kutolipia vipimo vya kutabiri hatari. Kwa SHA, kalprotektini, TPMT yenye *3C na *8, na usomaji wa jeni kwa watoto walioanza kuugua kabla ya miaka 6 vitajwe kwa majina kwenye jedwali la malipo. Kikiandikwa "vipimo maalum" tu, karani wa dirishani atakikataa na hatakuwa na makosa. Kwa kaunti, daftari lianzie hospitali za Mama Lucy Kibaki na Mbagathi, ambako mgonjwa hufika kabla hajapewa rufaa, na chupa 6 za formalini ziwekwe kwenye kila trei ya kolonoskopi pamoja na moja ya maji ya chumvi.

Rasimu ya ukurasa wa daftari na ya mstari wa pili wa karatasi ya damu tumeziandaa. Mkitupa siku na chumba, tutakuja nazo, pamoja na mtu wa benki ya damu wa kuonyesha kipimo cha Duffy mezani; huchukua kama saa moja na nusu.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, madaktari, wanamaabara na wafamasia tunaowahudumia wagonjwa wa utumbo
Nairobi